Fentanili Kabla Haijabisha Hodi: Sheria, Polisi na Uhai wa Vijana wa Pwani

Mhadhara uliotolewa mjini Tanga mbele ya madiwani, maofisa wa polisi, watumishi wa afya, viongozi wa dini na wananchi

  

 Kazi yangu ni ufamasia. Dawa nitakayoizungumzia nimeijua kwanza kama dawa ya hospitali, inayofungiwa kabatini na kuandikwa daftarini kila inapotoka, na kwa kuwa naijua hivyo, naiogopa sana ikiwa mitaani.

Lengo langu ni moja. Kuna kitu kinaitwa fentanili. Marekani, mwaka 2021 peke yake, zaidi ya watu 70,000 walikufa kwa afyuni za maabara, na nyingi kati ya hizo zilikuwa fentanili. Idadi hiyo inawazidi askari wote wa nchi hiyo waliokufa katika vita vya Vietnam, vita vilivyochukua miaka mingi. Nataka nieleze kitu hicho ni nini, kiliingiaje kule, na kwa nini mji wa pwani kama huu unapaswa kujipanga leo. Msimamo wangu nautaja mapema, ili anayetaka kunipinga wakati wa maswali ajiandae. Sheria ya dawa za kulevya ina kazi kubwa na naiunga mkono. Lakini ikimfanya mtu aogope kuita msaada wakati mwenzake anakata roho, hapo inakuwa imemsaidia muuza unga.

Hoja ya kwanza: Fentanili inasimamisha pumzi, tena upesi

Fentanili ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1960 na Paul Janssen, daktari wa Ubelgiji, na kundi lake. Ni dawa nzuri. Mgonjwa anayepasuliwa hupewa ili asisikie maumivu, na wapo wagonjwa wa saratani wanaobandikwa kiraka chake kwenye ngozi wakapata usingizi walioukosa kwa wiki nyingi. Ina nguvu kama mara 100 ya mofini na mara 50 ya heroini. Kwa hiyo hospitalini tunaipima kwa maikrogramu. Maikrogramu 100, ambazo zinamtosha mtu mzima mezani kwa mpasuaji, ni sehemu moja ya kumi ya miligramu moja. Miligramu mbili, punje chache ambazo ukiziweka juu ya ukucha wako utazitafuta, zinaweza kumuua mtu asiyezoea.

Dawa zote za jamii ya afyuni hufanya kazi kwa njia moja. Sehemu ya chini ya ubongo ndiyo inayotukumbusha kuvuta pumzi hata tukiwa usingizini. Afyuni ikizidi, sehemu hiyo inasahau kazi yake. Mtu anapumua polepole, kisha mara mojamoja, kisha basi. Kwa heroini, mara nyingi kuna muda wa mtu kugundua na kukimbia kuita jirani. Fentanili inafika ubongoni kwa haraka zaidi, na inaweza pia kukaza misuli ya kifua, kiasi kwamba hata anayejaribu kumpulizia pumzi anaona kifua hakiinuki. Muda wa kuokoa unabaki dakika chache.

Nitaeleza dalili taratibu, na naomba kila mmoja azishike. Ukimwita haitiki, ukimtikisa haamki. Mboni za macho zimekuwa ndogo mno. Anakoroma kwa sauti ya majimaji kooni, na wenzake pale maskani husema, "Mwache, amelala." Hajalala. Midomo inageuka rangi. Kwa ngozi nyeusi kama zetu msiangalie uso, utawadanganya. Funueni mdomo muone ufizi, kisha muone kucha. Vikiwa vya kijivu au samawati, huyo anakufa mbele yenu.

Sasa twende mtaani. Muuzaji wa rejareja hana mizani ya hospitali. Ana meza, kijiko, kipande cha nailoni na unga aliopewa na mtu wa juu yake, ambaye naye aliuchanganya. Anaongeza glukosi, panadoli zilizosagwa au chochote cheupe alichokipata, anakoroga, anafunga kete. Heroini ikichanganywa hivyo, kete moja itaizidi nyingine kidogo. Fentanili ikiwemo, ni kama mtu aliyetia chumvi ya mawe katika unga wa chapati bila kuiyeyusha: chapati hii haina ladha, ya pili hailiki. Vijana wawili wakanunua kwa mtu mmoja, saa moja, bei moja. Mmoja akaamka, mwenzake asiamke. Hata aliyechanganya hajui donge limekwenda kete ipi.

Kuna jambo moja nataka kuliondoa kabla halijazaa madhara. Kumesambaa habari kwamba askari au muuguzi akigusa tu unga wenye fentanili anaanguka. Madaktari bingwa wa sumu wa Marekani walilichunguza suala hilo na kutoa tamko mwaka 2017: kugusa kidogo kwa ngozi kavu hakumdhuru mtu kwa namna hiyo. Vaeni glavu, osheni mikono kwa maji na sabuni, msiguse macho wala mdomo, msipeperushe unga. Basi. Nalisema hili kwa sababu mtu akiogopa kumgusa aliyezidiwa, aliyezidiwa atakufa kwa woga wa wengine.

Hoja ya pili: Mlango mmoja ukifungwa, kinachopenya kwingine ni kidogo zaidi na kikali zaidi

Marekani haikuanza na fentanili. Ilianza na vidonge halali. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni kidonge cha OxyContin, ikawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Haikuwa kweli, na kampuni hiyo ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Vidonge viliandikwa kwa mamilioni: kwa mchimba makaa aliyeumia mgongo, kwa mwanafunzi aliyeng'olewa jino. Serikali ilipobana vidonge, waliokwisha kuzoea hawakupona kwa sababu ya kubanwa. Kuanzia mwaka 2010 hivi wengi walihamia heroini. Na kuanzia mwaka 2013 fentanili ikaanza kuingia ndani ya heroini ile, halafu ikaingia katika vidonge vya bandia vilivyotengenezwa vifanane na vya dukani. Mwanamuziki Prince alifariki mwaka 2016 kwa fentanili, na wachunguzi walisema aliimeza katika vidonge bandia bila kujua. Mtu mwenye fedha zote zile na madaktari wake hakujua alichomeza. Kijana wa Ngamiani, hapa Tanga, atajuaje?

China ilipiga marufuku kundi zima la fentanili mwezi Mei 2019. Biashara haikufa. Malighafi zake ziliendelea kusafirishwa hadi Mexico, magenge ya huko yakawa yanapika yenyewe.

Ndugu zangu, sisi wa pwani tunaujua unga. Heroini inayopita bahari yetu inatoka Afghanistan, inashuka pwani ya Makran ya Iran na Pakistan, inapakiwa katika majahazi na kuletwa kusini. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia iitwayo Darwin ilisimamisha jahazi mashariki ya Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini. Fanyeni hesabu pamoja nami. Ikiwa fentanili ina nguvu mara 50 ya heroini, basi shehena ile yote, kwa nguvu peke yake, inalingana na kilo kama 20 za fentanili. Kilo ishirini hazihitaji jahazi. Zinabebwa na mtu mmoja kwenye begi la safari, akapanda basi, akakaa siti ya dirishani. Doria ya baharini na ulinzi wa bandari bubu, kazi ambayo wenzetu wanaifanya kwa kuhatarisha maisha, haikupangwa kwa ajili ya mzigo mdogo kiasi hicho.

Huenda mtu akasema fentanili ni ugonjwa wa Marekani na utabaki huko. Naomba aitazame Estonia, nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya yenye watu kama milioni 1.3. Mwaka 2000 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi Afghanistan, na mavuno ya mwaka uliofuata yakaanguka. Heroini ikaadimika Estonia. Fentanili ikaziba pengo, na heroini iliporudi katika soko la dunia, kule haikupata tena nafasi yake. Mwaka 2012 watu 170 walikufa kwa kuzidisha dawa katika nchi hiyo, kiwango ambacho hakikuwa na mfano Ulaya.

Sasa kumbukeni kwamba Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku tena. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitangaza mwaka 2023 kwamba kilimo hicho kimeshuka kwa asilimia 95. Ghala zilizokuwapo zinaweza kuendelea kulisha soko kwa muda. Zikiisha, wafanyabiashara wanaouza pwani hii hawatafunga maduka wakaenda kulima. Watatafuta kitu cha kutia kwenye kete. Na hawatatafuta mbali: kuna fentanili, na kuna jamii nyingine mpya iitwayo nitazini, baadhi yake ni kali kuliko fentanili yenyewe. Nitazini zimeshakutwa katika kushi inayovutwa Sierra Leone, ambako Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya hatari mwezi Aprili 2024 kwa sababu ya dawa hiyo. Hiyo ni Afrika, ndugu zangu.

Na pwani yetu imewahi kuonja uhaba. Mwishoni mwa mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika ghafla Mombasa na Malindi. Watumiaji waliugua arosto, ugonjwa wa kukosa dawa waliyoizoea, bila msaada, wakatapika, wakatetemeka. Wapo waliotafuta tiba, na wapo waliokimbilia vidonge vya usingizi na michanganyiko waliyojidunga bila kujua undani wake. Wakati ule fentanili haikuwapo karibu kungojea nafasi. Safari ijayo hatuna uhakika huo.

Hoja ya tatu: Askari akamate, lakini ajue anayemkamata na kinachofuata

Naona Afande pale mbele ananiangalia. Afande, nimefika kwako, na nakuja kwa heshima.

Kukamata wakubwa kunaokoa maisha. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha wa Mombasa walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa ya biashara ya dawa za kulevya, mmoja akafungwa miaka 25 na mwingine 23. Hapa kwetu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ilitangaza Desemba 2023 kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Kila kilo iliyokamatwa ni kete nyingi ambazo hazikufika maskani. Hata Estonia ile niliyoitaja, mwaka 2017 polisi wake walipouvunja mtandao wa fentanili, vifo vilishuka sana miaka iliyofuata. Kwa hiyo asinielewe mtu kwamba nataka polisi wakae pembeni.

Lakini kumkamata papa ni jambo moja, na kusomba mateja kumi na watano pale kijiweni ni jambo lingine kabisa. Mjini Indianapolis, Marekani, watafiti walilinganisha mahali na siku ambapo polisi walikamata dawa za jamii ya afyuni na mahali na siku ambapo watu walikufa kwa kuzidisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Kuzunguka eneo la ukamataji, katika umbali usiozidi nusu kilomita, vifo viliongezeka ndani ya wiki moja, mbili na tatu zilizofuata.

Sababu si ngumu kuielewa kwa anayemjua mtumiaji. Alikuwa na muuzaji mmoja ambaye nguvu ya unga wake ameizoea. Muuzaji amekamatwa. Arosto haisubiri. Anakwenda kwa mtu asiyemjua, ananunua kitu asichokijua, na pengine amekaa siku mbili tatu bila kutumia, mwili umeanza kusahau mazoea. Anatumia kiasi kilekile cha zamani. Anakufa.

Jela ni hivyohivyo, na hapa nawaomba wakuu wa Magereza nao wasikie. Utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya mfungwa kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya mtu wa kawaida. Jimbo la Rhode Island lilichukua hatua mwaka 2016: likaanza kuwatibu waraibu humohumo gerezani, kwa methadoni, dawa inayotuliza arosto, na nyingine za aina hiyo, na kuwaunganisha na kliniki siku wanayotoka. Katika mwaka mmoja, vifo vya waliotoka gerezani karibuni vilipungua kwa takriban asilimia 60. Hakuna sheria iliyolegezwa. Mfungwa alimaliza kifungo chake, akatoka hai.

Nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Tumezoea kwamba majeruhi akifika hospitali, kuna suala la PF3, ile fomu ya polisi. Kijana aliyekaa na mwenzake aliyezidiwa anawaza hivi: nikimpeleka, nitaulizwa jina langu, tulikuwa wapi, tulitumia nini, tulinunua kwa nani. Basi anamwacha kando ya lango na kukimbia, au anamfunika shuka na kusema atazinduka. Marekani wamepita njia hiyo. Jimbo la New Mexico lilikuwa la kwanza, mwaka 2007, kutunga sheria kwamba anayeita msaada kwa ajili ya mtu aliyezidisha dawa hashitakiwi kwa kumiliki dawa za matumizi yake. Majimbo mengi yamefuata. Wakati huohuo majimbo kadhaa yana sheria za kumshitaki kwa kosa la kuua yule aliyempa mwenzake dawa iliyomuua, na wanaonaswa humo mara nyingi ni rafiki, mpenzi au ndugu waliochangia kete moja. Sheria moja inasema piga simu, nyingine inasema ukipiga umekwisha. Mtu aliyechanganyikiwa usiku wa manane atafuata ile anayoiogopa.

Wapo polisi walioonyesha njia. Mji wa Quincy, jimbo la Massachusetts, mwaka 2010 uliwapa askari wake wa doria naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na afyuni, ya kupuliza puani, maana wao ndio walikuwa wakifika kabla ya gari la wagonjwa. Mji mwingine wa jimbo hilohilo, Gloucester, ambao ni mji wa wavuvi kama wetu, mkuu wake wa polisi alitangaza mwaka 2015 kwamba mraibu atakayeingia kituoni mwenyewe na kusalimisha dawa zake hatakamatwa. Atapelekwa kwenye tiba. Watu walikuja. Fikirini mtu anayeingia kituo cha polisi kwa miguu yake kuomba tiba.

Siwafichi upande wa pili. Jimbo la Oregon liliondoa adhabu za jinai kwa kumiliki dawa kidogo kuanzia Februari 2021. Lakini kliniki zilikuwa hazijawa tayari, fedha za tiba zilichelewa kufika, na fentanili ikawa inaingia wakati uleule. Wananchi wakachoshwa na utumiaji wa hadharani, na kuanzia Septemba 2024 adhabu zikarudishwa. Ureno ilifanya jambo linalofanana mwaka 2001, ila ilimweka mtumiaji mbele ya jopo la watu wa afya, sheria na ustawi wa jamii, tiba ikiwa inamngoja. Kwa maoni yangu kosa la Oregon lilikuwa kumwondoa askari bila kumweka muuguzi mahali pake. Anayenukuu Oregon kudai tufunge watumiaji wote anasahau kwamba kufunga nako kulikuwa kumeshajaribiwa miaka arobaini.

Hoja ya nne: Vifaa vya kuanzia tunavyo

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, na Tanzania Bara ikawa mbele ya nchi nyingi za Afrika katika hilo. Wenzetu wa Kenya walianza katika hospitali ya Mathari mwaka 2014. Zanzibar ina soba hausi, nyumba za waraibu wanaoacha dawa, zilizoanzishwa kwa juhudi za vijana waliowahi kuwa watumiaji. Nimewaona watu walioitwa mateja kwa miaka wakifika kliniki asubuhi, wamenyoa, wamevaa sare ya kazi, wakanywa dozi yao mbele ya muuguzi, wakaaga na kuwahi kibaruani. Mama wa mmoja wao alikuwa ameshagawa nguo za mwanawe. Mtu wa namna hii akikamatwa njiani kwenda kliniki kwa sababu tu anajulikana mtaani, akakosa dozi siku tatu, tumemrudisha mikononi mwa muuza kete sisi wenyewe.

Kisha naloksoni. Dawa hii ilisajiliwa Marekani mwaka 1971. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inaing'oa afyuni pale ilipokaa ubongoni na pumzi inarudi, mara nyingi ndani ya dakika mbili tatu. Hailevyi, haizoeshi, na ukimpa mtu ambaye hakutumia afyuni haimdhuru. Mwaka 2014 Shirika hilo lilishauri kwamba ifikishwe kwa watu walio karibu na watumiaji, yaani wenzao, ndugu zao na askari, na wafundishwe kuitumia. Marekani tangu mwaka 2023 inauzwa dukani bila cheti cha daktari. Vifo vya kuzidisha dawa kule, vilivyopita 100,000 kwa mwaka, vilishuka hadi kama 80,000 mwaka 2024. Sababu zinajadiliwa, na kusambaa kwa naloksoni hakukosi kutajwa.

Kwetu naloksoni inajulikana zaidi ndani ya chumba cha upasuaji, katika kichupa cha sindano. Mtu hazidiwi ndani ya chumba cha upasuaji. Anazidiwa ufukweni, chini ya mkorosho, kwenye jengo ambalo halijamalizika.

Mama mmoja aliniuliza nje kabla hatujaingia: nikimkuta mwanangu hivyo, na dawa hiyo sina, nifanyeje? Jibu langu nalitoa kwa wote. Piga kelele watu waje, na mmoja atafute usafiri. Mlaze chali, inua kidevu chake ili koo lifunguke, toa kilichomo mdomoni. Bana pua, mpulizie mdomoni, pumzi moja kila baada ya sekunde tano, uone kifua kinainuka, na usiache mpaka apumue mwenyewe au mfike hospitali. Akianza kupumua, mgeuze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Usimmwagie maji. Usimnyweshe maziwa, ingawa tumezoea kumnywesha maziwa kila aliyekula sumu. Mtu asiyejitambua hamezi, yataingia mapafuni. Na akizinduka kwa naloksoni msimwachie aondoke, kwa kuwa nguvu ya naloksoni hukaa kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na fentanili iliyobaki mwilini yaweza kumrudisha chini. Mkae naye. Mpelekeni hospitali.

Ndugu Mwenyekiti, naelekea mwisho, na natazama mbele.

Waheshimiwa madiwani, bajeti ijayo iwe na fungu la naloksoni, na mafunzo yake yawafikie wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watoa huduma wa maduka ya dawa na vijana wa maskani wenyewe. Msiwaogope vijana hao. Ndio watakaokuwapo pale mtu anapozidiwa, saa ambayo sisi wote tumelala.

Makamanda wetu, naomba mambo mawili. Kwanza, gari la doria liwe na naloksoni na askari aliyefundishwa kuitumia. Pili, wakati tunasubiri wabunge wetu waandike wazi kinga ya anayeita msaada, toeni agizo leo kwamba anayemleta mtu aliyezidiwa haulizwi wala kushikwa kwa kete ya matumizi yake, na agizo hilo lisomwe katika kila mkutano wa mtaa mpaka mtoto mdogo alijue. Muuzaji aliyeko juu mfuateni hadi mahakamani, na sisi wananchi tuwape habari. Tutawapa kwa moyo zaidi tukijua habari hizo hazitamwangukia mtoto mgonjwa wa jirani.

Wenzangu wa maabara na wa Mamlaka, unga unaokamatwa upimwe fentanili na nitazini kila mara, na zikionekana, hospitali na mitaa ziambiwe siku hiyohiyo, bila kusubiri kesi iishe.

Masheikh na wachungaji, mnasikilizwa kuliko mimi. Ijumaa hii na Jumapili hii waambieni wazazi kwamba kumficha mtoto ndani kwa aibu kunamwacha peke yake saa anayohitaji mtu wa kumpulizia pumzi.

Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, baadhi yenu mnatumia na wote mna rafiki anayetumia. Milango ya kliniki iko wazi. Asiyekuwa tayari kuingia leo, basi asitumie peke yake, na mwenzake akizidiwa asimkimbie. Mleteni hospitali. Mimi na wauguzi walioko hapa tumekubaliana kwamba swali letu la kwanza kwenu litakuwa moja tu: anapumua?